Daktari Miongoni mwa Askari: Brigedi ya 166 ya Uingereza Mahandakini, 1914–1918

Alfajiri ya tarehe 9 Agosti 1916, saa kumi na dakika ishirini, askari wa batalioni mbili za Brigedi ya 166 ya Uingereza walipanda kutoka katika mahandaki yao na kukielekea kijiji cha Guillemont, kaskazini mwa Ufaransa, kilichokuwa mikononi mwa Wajerumani. Seng'enge zilizokuwa mbele yao hazikuwa zimekatwa na mizinga kama walivyotumaini. Walijaribu kupenya, wakarudishwa. Wakajaribu tena, wakarudishwa. Siku ilipokwisha, batalioni moja peke yake, ile ya Liverpool Scottish, ilikuwa imepoteza maofisa 17 kati ya 20, pamoja na takribani askari 260 kati ya 600. Baadhi walikuwa wamekufa, baadhi wamejeruhiwa, na wengine hawakujulikana walipo.

Vitabu vingi vya vita huishia kwenye hesabu kama hiyo. Kwa mtumishi wa afya, hapo ndipo habari inapoanza. Ni nani aliyewafikia wale waliolala katika mashimo ya mizinga? Aliwafikia na nini mkononi? Na kabla ya siku hiyo, katika miezi ya matope na baridi ambayo haikuwa na mapigano makubwa, ni nini kilichowafanya askari waendelee kusimama kwa miguu yao?

Makala hii inaifuata brigedi hiyo kwa jicho la tiba, na hasa kwa jicho la mtu mmoja: Kapteni Noel Chavasse, daktari wa batalioni ya Liverpool Scottish. Chavasse ni mmoja wa watu watatu tu waliowahi kutunukiwa mara mbili nishani ya Victoria Cross, iliyo ya juu kabisa kwa ushujaa katika jeshi la Uingereza. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi yake haikuwa ile iliyompatia nishani. Ilikuwa ni kukagua miguu, kutafuta soksi, kuua chawa, kuchoma sindano za chanjo na kumtambua askari aliyechoka kabla hajaanguka.

Brigedi na handaki

Brigedi ya askari wa miguu ya Uingereza ilikuwa na batalioni nne, kila moja ikiwa na watu wapatao 1,000 inapokuwa kamili, jambo lililokuwa nadra. Brigedi tatu zilifanya divisheni moja. Brigedi ya 166 ilikuwa sehemu ya Divisheni ya 55, iliyoundwa na wanajeshi wa akiba kutoka Lancashire, kaskazini magharibi mwa Uingereza: makarani, wafanyakazi wa bandari na viwanda, walimu na wanafunzi. Vita vilipoanza mwaka 1914, batalioni zake zilitawanywa na kupelekwa Ufaransa moja moja ili kuziba mapengo ya brigedi nyingine. Ziliunganishwa upya mwezi Januari 1916.

Maisha ya askari hao yalikwenda kwa zamu. Kwa siku kadhaa walikaa katika handaki la mbele kabisa, kisha wakarudi katika handaki la kusaidia, kisha katika akiba, na hatimaye nyuma kupumzika, ingawa mapumziko hayo yalijaa kazi ya kuchimba na kubeba mizigo. Handaki la mbele lilikuwa mtaro wenye kina cha kumsitiri mtu aliyesimama, au pungufu ya hapo ikiwa maji ya ardhini yalikuwa juu. Humo watu walilala, walikula, walijisaidia, walipika chai na kuzikana. Panya walikuwa wengi. Maji ya kunywa yaliletwa katika makopo na kutiwa dawa ya klorini, hata chai ikawa na ladha yake.

Kila batalioni ilikuwa na daktari mmoja tu. Chini yake walikuwepo wasaidizi wachache na wabeba machela. Yeye ndiye aliyekuwa zahanati ya watu wote hao.

Majira ya baridi ya kwanza

Noel Chavasse alizaliwa mwaka 1884 mjini Oxford, akiwa pacha, mtoto wa kasisi aliyekuja kuwa askofu wa Liverpool. Alisoma Oxford na mwaka 1908 alikimbia mbio za mita 400 katika Michezo ya Olimpiki ya London. Alifuzu udaktari mwaka 1912 na kufanya kazi Liverpool chini ya Robert Jones, mpasuaji mashuhuri wa mifupa. Mwaka uliofuata akajiunga na madaktari wa jeshi la akiba.

Batalioni yake ilivuka kwenda Ufaransa mwanzoni mwa Novemba 1914, wakati huo ikiwekwa chini ya Brigedi ya 9. Iliingia mahandakini karibu na Kemmel, nchini Ubelgiji, katika baridi, mvua na theluji. Ilikuwa imefika na watu zaidi ya 850. Mwanzoni mwa Januari 1915 waliokuwa wazima wa kutosha kufanya kazi walikuwa 370 hivi. Risasi na mizinga ilikuwa imewaangusha wachache tu miongoni mwa waliokosekana. Waliobaki waliangushwa na baridi, unyevu na maradhi.

Adui mkubwa alikuwa ugonjwa ambao Waingereza waliuita mguu wa mahandaki. Hautokei kwa barafu peke yake. Unatokea mguu unapokaa kwa saa nyingi katika ubaridi na unyevu, ndani ya kiatu kilichobana, bila kusogezwa. Mishipa midogo ya damu hujibana ili kuhifadhi joto, na tishu hukosa hewa na lishe. Kwanza mguu hufa ganzi, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa mtu asiyesikia maumivu hudhani yu salama. Kisha huvimba, hubadilika rangi kuwa nyekundu au ya samawati, na ukipata joto huuma kama unaochomwa moto. Ukiachwa, ngozi hupasuka, vijidudu huingia, na donda ndugu huweza kumaliza vidole au mguu mzima. Katika majira hayo ya kwanza ya baridi jeshi la Uingereza liliripoti wagonjwa wa aina hii wapatao 20,000.

Hapakuwa na dawa ya kuuponya. Kilichousaidia ni utaratibu. Kila siku askari alitakiwa avue viatu, akaushe miguu, asugue ngozi kwa mafuta ya nyangumi na kuvaa soksi kavu. Katika vikosi vingi watu waliwekwa wawili wawili, kila mmoja akiwajibika kwa miguu ya mwenzake, kwa sababu mchovu hujisahau mwenyewe upesi kuliko anavyomsahau jirani yake. Maofisa waliamriwa kukagua kwa macho yao. Sakafu za mbao ziliwekwa juu ya maji, na soksi kavu zikaletwa pamoja na chakula cha usiku. Chavasse naye aliwaandikia watu wa nyumbani kuomba soksi kwa ajili ya askari wake, kwa kuwa alijua kwamba amri ya kubadili soksi haina maana kwa mtu asiye na soksi ya pili.

Hili ni jambo ambalo kila mtoa elimu ya afya angepaswa kulikumbuka. Ushauri unaotolewa bila nyenzo ya kuutekeleza humwachia mgonjwa lawama tu.

Chawa na homa isiyo na jina

Mwaka 1915 madaktari walianza kuona askari wenye homa ya ghafla, kichwa kuuma, macho mekundu, kizunguzungu na maumivu makali ya mifupa ya miguu, hasa muundi. Homa ilishuka, kisha ikarudi baada ya siku tano hivi, ikashuka tena na kurudi tena. Wachache sana walikufa, lakini mgonjwa alikosekana kazini kwa wiki au miezi. Kwa kukosa jina bora, wakaiita homa ya mahandaki. Iliwapata mamia ya maelfu ya askari wa pande zote.

Chawa wa mwilini walikuwa kila mahali. Walitaga katika mishono ya nguo, na askari waliutumia muda wao wa kupumzika kupitisha mwali wa mshumaa juu ya mishono hiyo wakisikiliza mayai yakipasuka. Walitoka mapumzikoni wakiwa wameoga na kuvaa nguo zilizofukizwa, lakini baada ya siku chache, kwa kulala wakibanana, walikuwa na chawa tena. Ni mwaka 1918 tu ndipo watafiti wa Uingereza na Marekani walipothibitisha kwamba chawa ndiye mwenezaji. Kinyesi chake, kinachosuguliwa katika ngozi iliyokwaruzwa kwa kujikuna, ndicho kinachoingiza vijidudu mwilini. Leo twajua kwamba kijidudu hicho ni bakteria aitwaye Bartonella quintana.

Msomaji asidhani kwamba maradhi haya yalizikwa pamoja na vita ile. Katika miaka ya 1990, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Burundi, watu waliokimbia makazi yao walipobanana katika kambi za nyanda za juu zenye baridi, mlipuko mkubwa wa homa ya tifasi inayoenezwa na chawa ulitokea, na wachunguzi wakaikuta homa ya mahandaki pamoja nayo. Watu waliokimbia, nguo moja mwilini, baridi, msongamano na ukosefu wa maji ya kufulia: hali zile zile ziliwakaribisha wadudu wale wale.

Sindano na udongo

Katika vita vya Afrika Kusini vya 1899 hadi 1902, Waingereza walipoteza watu wapatao 22,000, na takribani 14,000 kati yao waliuawa na maradhi, hasa homa ya matumbo. Mwaka 1914 chanjo ya homa hiyo ilikuwepo, lakini katika jeshi la Uingereza ilibaki kuwa ya hiari. Palikuwa na watu walioipinga hadharani, na askari aliweza kuikataa. Hivyo daktari wa batalioni alilazimika kufanya kazi ambayo wengi wetu twaijua: kukaa na watu, kusikiliza hofu zao, kueleza na kushawishi. Kazi hiyo ilifaulu. Idadi kubwa ya askari walichanjwa, na homa ya matumbo haikuliteketeza jeshi la Ufaransa na Ubelgiji kama ilivyowateketeza watangulizi wao.

Udongo nao ulikuwa hatari. Mashamba ya Flanders yalikuwa yametiwa samadi kwa karne nyingi, na samadi hubeba mbegu za vijidudu vya pepopunda na vya donda ndugu la gesi. Kipande cha chuma kilichopita katika sare iliyochafuka kiliusukuma uchafu huo hadi ndani ya msuli. Wapasuaji walijifunza haraka kwamba jeraha kama hilo halishonwi kwa pupa. Hufunguliwa, nyama iliyokufa hukatwa, uchafu huoshwa, na jeraha huachwa wazi kwanza. Seramu ya kukinga pepopunda ilipoanza kutolewa kwa kila majeruhi, ugonjwa huo ulipungua sana. Chavasse alikuwa miongoni mwa madaktari waliosisitiza kwamba itolewe mapema, pale pale mbele, bila kungoja mtu afikishwe hospitalini.

Guillemont: njia ya majeruhi

Turudi sasa kwenye siku ile ya Agosti 1916. Njia aliyotakiwa kupita majeruhi ilikuwa hivi. Mbeba machela wa batalioni alimwokota na kumpeleka katika kituo cha daktari, mara nyingi shimo lililofunikwa kwa magogo na mifuko ya mchanga. Hapo damu ilizuiwa, mfupa uliovunjika ulifungwa, na mgonjwa akapewa morfini. Wabeba machela wa kikosi cha tiba cha uwanjani walimchukua hadi kituo cha kufungia vidonda, kisha gari likampeleka kwenye kituo cha upasuaji nyuma ya mstari wa vita. Kutoka hapo alikwenda kwa treni hadi hospitali kubwa za pwani, na pengine kwa meli hadi Uingereza. Mfumo huo ni ndugu wa mfumo wetu wa rufaa, kutoka zahanati hadi kituo cha afya, hospitali ya wilaya na ya mkoa. Nguvu yake yote hutegemea kiungo cha kwanza. Mgonjwa asiyefikishwa zahanati hafaidiki na bingwa aliye hospitali ya rufaa.

Huko Guillemont kiungo hicho cha kwanza kilikuwa kimekatika. Majeruhi walilala kati ya mistari miwili, mahali ambapo aliyenyanyua kichwa alipigwa risasi. Kwa mujibu wa maelezo rasmi ya nishani yake, Chavasse aliwahudumia majeruhi mchana kutwa mahali pa wazi chini ya mapigo makali. Usiku alitoka kwenda kutafuta wengine mbele ya mistari ya adui kwa muda wa saa nne. Siku iliyofuata, akiwa na mbeba machela mmoja, alimbeba mgonjwa aliyekuwa katika hali mbaya umbali wa mita 450 hivi huku mizinga ikianguka, na njiani kipande cha kombora kikamjeruhi ubavuni. Usiku huo huo alichukua watu 20 waliojitolea, akawaokoa majeruhi watatu kutoka katika shimo lililokuwa mita 23 tu kutoka handaki la Wajerumani, akazika miili ya maofisa wawili na kukusanya vibati vingi vya utambulisho wa waliokufa. Iliandikwa kwamba aliokoa maisha ya watu 20 hivi waliojeruhiwa vibaya. Kwa hayo alipewa nishani ya kwanza.

Vile vibati vya utambulisho navyo vina maana yake. Kila kimoja kilimwezesha mzazi fulani wa Lancashire kujua kwa hakika kwamba mwanawe amekufa, asiendelee kungoja kwa miaka. Kuwapa ndugu habari ya kweli ni sehemu ya huduma.

Kwa waliovunjika mfupa wa paja, kulikuwa na kifaa chenye asili ya Liverpool. Hugh Owen Thomas, mjomba wa yule Robert Jones aliyemfundisha Chavasse kazi, alikuwa amebuni katika karne ya 19 banzi la chuma lenye pete ya kukaa kwenye kinena na fito mbili ndefu, ambalo huuvuta mguu na kuutuliza. Mfupa wa paja uliovunjika na kuachwa ukicheza huchana misuli na mishipa, na mtu huweza kupoteza damu nyingi bila hata tone kuonekana nje. Mwanzoni mwa vita wengi wa waliopata jeraha hilo walikufa njiani. Jones alipigania banzi hilo litumike mbele kabisa, na wabeba machela walifundishwa kulifunga hata gizani. Takwimu inayonukuliwa mara nyingi ni kwamba vifo vilishuka kutoka asilimia 80 hadi chini ya 20. Baadhi ya wanahistoria wanauhoji ukubwa wa tofauti hiyo, maana upasuaji na tiba ya mshtuko viliboreka kwa wakati huo huo. Lakini hakuna anayebisha kwamba kuutuliza mfupa kabla ya kumsafirisha mgonjwa kuliokoa watu. Banzi la Thomas lingali katika wodi za mifupa hadi leo.

Gesi ya haradali

Kuanzia Oktoba 1916 Divisheni ya 55 ilihamia Ypres, nchini Ubelgiji, na kukaa huko karibu mwaka mzima. Usiku wa tarehe 12 kuamkia 13 Julai 1917, divisheni hiyo pamoja na Divisheni ya 15 ya Waskoti zilikuwa za kwanza kupigwa kwa silaha mpya, gesi ya haradali.

Gesi hiyo ilikuwa na udanganyifu wake. Wakati wa kuivuta watu wengi hawakuona taabu kubwa, ila harufu iliyowakumbusha haradali au kitunguu saumu. Baadhi walilala. Baada ya saa chache macho yalivimba yakafumba, sauti ikapotea, na malengelenge yakatokea hasa penye jasho: kwapani, kinenani, shingoni. Waliovuta nyingi walikufa siku kadhaa baadaye kwa njia za hewa zilizoungua na nimonia iliyofuata. Wauguzi na wabeba machela nao waliungua kwa kushika nguo za wagonjwa. Ndipo ikawa kanuni: kwanza mvue nguo, mwoshe, na umlinde anayemhudumia. Kanuni hiyo ndiyo tunayoifuata leo kwa mtu aliyemwagikiwa na viuatilifu vya shambani.

Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba gesi hiyo hupunguza chembe nyeupe za damu. Mwaka 1942, huko Yale nchini Marekani, watafiti walijaribu kemikali ya jamii hiyo kwa mgonjwa wa saratani ya tezi, na uvimbe ukanywea kwa muda. Hapo ndipo ilipoanzia tiba ya saratani kwa kemikali. Dawa ya siklofosfamidi, ya ukoo huo huo, ndiyo iliyotumiwa kuwatibu watoto wenye limfoma ya Burkitt, saratani ya taya iliyoelezwa Uganda mwaka 1958, na ingali ikitumika katika wodi zetu.

Majeraha yasiyotoka damu

Februari 1915 daktari Charles Myers aliandika katika jarida la Lancet kuhusu askari waliopoteza kuona, kunusa na kumbukumbu baada ya mizinga kulipuka karibu nao. Hali hiyo ikaitwa mshtuko wa mizinga. Wengine walitetemeka, walinyamaza kabisa au hawakuweza kulala. Jeshi lilisitasita kati ya kuwaita wagonjwa na kuwaita waoga. Katika vita nzima askari 306 wa jeshi la Uingereza walipigwa risasi na wenzao kwa makosa kama kutoroka na woga. Serikali ya Uingereza iliwasamehe mwaka 2006.

Chavasse hakungoja mtu avunjike. Alipoona askari ameanza kuchoka akili, alimtafutia kazi nyepesi karibu na kituo chake kwa muda, apate usingizi, chakula na sauti ya mtu anayemjali, kisha arudi kwa wenzake. Aliijua batalioni yake kwa majina, na kwa hiyo aliweza kuona mabadiliko ambayo mgeni asingeyaona.

Mgonjwa ambaye daktari hakumhesabu

Tarehe 31 Julai 1917 Brigedi ya 166 ilishambulia karibu na Wieltje, katika mwanzo wa mapigano yanayojulikana kama Passchendaele. Mchana wake mvua ilianza na kugeuza uwanja kuwa tope lililowameza watu na nyumbu. Chavasse aliweka kituo chake katika handaki la Wajerumani lililotekwa. Mapema siku hiyo alijeruhiwa kichwani. Alikwenda kufungwa kidonda, akashauriwa abaki nyuma, akakataa na kurudi. Kwa siku mbili aliendelea kufunga majeraha, na usiku kutoka nje kuwatafuta majeruhi matopeni, karibu bila chakula wala usingizi. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Agosti kombora liliingia kituoni na kumjeruhi tumboni. Alifikishwa katika kituo cha upasuaji cha Brandhoek, akafanyiwa upasuaji, na akafa tarehe 4 Agosti 1917, akiwa na umri wa miaka 32. Nishani ya pili ilitolewa baada ya kifo chake. Kaburi lake lipo Brandhoek, na jiwe lake limechongwa alama mbili za nishani hiyo.

Ushujaa huo unastahili heshima, na hatuna haki ya kumhukumu mtu aliyesikia vilio kutoka matopeni akaamua kwenda. Lakini si vibaya kuuliza swali ambalo kila mtumishi wa afya hujiuliza zamu inapozidi urefu. Mtu mwenye jeraha la kichwa, asiyelala wala kula, angemwambia nini askari wake katika hali hiyo? Bila shaka angemwamuru arudi nyuma. Batalioni ilikuwa na daktari mmoja, na alipoanguka ilimpoteza mtu aliyeijua miguu, homa na hofu za kila mmoja wao.

Brigedi iliendelea bila yeye. Tarehe 30 Novemba 1917, karibu na Cambrai, Wajerumani walishambulia kwa ghafla, na batalioni yake ya 5 ya South Lancashire karibu ifutike yote. Mwezi huo huo, upande wa pili wa mapigano hayo ya Cambrai, daktari Mmarekani Oswald Robertson alikuwa akiwaongezea majeruhi damu iliyohifadhiwa chupani kwa barafu, mwanzo wa benki za damu tulizonazo. Aprili 1918 divisheni ililishika eneo la Givenchy lisichukuliwe na adui. Vita vilipokoma tarehe 11 Novemba 1918, ilikuwa imefika karibu na Ath, Ubelgiji.

Vita hiyo hiyo ilipiganwa pia katika ardhi yetu, na hapa hesabu ilikuwa kinyume. Wapagazi wa Kiafrika waliobeba mizigo ya jeshi la Uingereza, ambao jina la kikosi chao limebaki katika mtaa wa Kariakoo, walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara damu, malaria, nimonia na lishe duni. Yule askari wa Lancashire alikuwa na mtu aliyetumwa kukagua miguu yake. Mpagazi wengi wao hawakuwa naye. Tofauti kati ya brigedi iliyolindwa na msafara uliotelekezwa haikuwa siri ya kitabibu. Ilikuwa ni nani aliyehesabiwa kuwa anastahili soksi, blanketi na maji safi.

Tunachobaki nacho

Kwa msomaji mgonjwa na jamaa yake, mahandaki yale yanafundisha mambo ya kawaida kabisa.

Mguu uliokufa ganzi usiuamini. Mwenye kisukari akague miguu yake kila siku, na nyayo azitazame kwa kioo au kwa msaada wa mwenzake. Akaushe katikati ya vidole, avae viatu visivyobana, na awahi kituoni aonapo kidonda hata kama hakiumi. Anayefanya kazi majini, kama mkulima wa mpunga, apumzishe miguu yake mahali pakavu kila siku.

Jeraha lililoingia udongo, msumari au samadi, lioshwe kwa maji mengi safi na sabuni, kisha mtu aende kituoni kuulizia kinga ya pepopunda. Asitie samadi, majivu wala mafuta.

Aliyevunjika paja asinyanyuliwe ovyo na kutupwa nyuma ya gari. Mguu ufungwe kwanza kwenye ubao au kwenye mguu mzima, ndipo asafirishwe.

Na kwa mtumishi wa afya: mwenzako akikuambia kwamba umechoka, msikilize, kama askari wale walivyokabidhiana miguu wawili wawili. Orodha ya wagonjwa wako haijakamilika mpaka jina lako nalo limeandikwa humo.